Tetemeko na Ukuta: Ushauri kwa Wanaojenga Lodwar na Kakuma

Anayejenga Lodwar leo hujadiliana na fundi wake kuhusu bei ya simiti, mahali pa kuchota mchanga, joto litakalopenya kwenye mabati, na njia ambayo maji ya Kawalase yatapita mvua ikinyesha. Kakuma mazungumzo ni yale yale, ila mto unaoogopwa ni Tarach. Tetemeko la ardhi halitajwi, na si ajabu, kwa sababu wengi wa wakazi wa miji hii hawajawahi kuona jengo likiangushwa na ardhi. Makala haya yanaomba tetemeko lipewe nafasi katika mazungumzo hayo, tena kwa kiasi chake. Sidai kwamba balaa linakuja mwezi ujao, wala Turkana si Japani. Ninachosema ni kwamba hatari inakua kila mwaka huku ardhi ikiwa ile ile, kwa sababu kinachobadilika ni nyumba. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya miji hii ndiyo kwanza inajengwa, kinga haijawahi kuwa rahisi kama ilivyo sasa.

Tuanze na ardhi. Afrika Mashariki inaachana polepole: bamba la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya bara, linatengana na bamba la Somalia lililoko mashariki. Kati ya Nakuru na Naivasha mtengano huo una sura inayoonekana kwa macho, bonde lenye kuta mbili ndefu. Ukifika Turkana kuta hizo hupotea, na mipasuko husambaa katika nchi tambarare yenye upana wa mamia ya kilomita. Utafiti wa KRISP wa miaka ya 1980 na 1990, uliotumia milipuko kupima miamba iliyo chini sana, ulikuta kwamba gamba la dunia lina unene wa takriban kilomita 35 upande wa kusini wa Bonde la Ufa la Kenya, lakini chini ya Ziwa Turkana zimebaki kama 20 tu. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba hapa mabamba yanaachana kwa milimita 4 au 5 kwa mwaka. Ni mwendo mdogo sana, na ndio unaofanya matetemeko makubwa yawe nadra. Hata hivyo, mwendo mdogo ukikusanyika miaka mia kadhaa bila kufunguka huwa si mdogo tena. Siku miamba inapoachia, huachia yote kwa sekunde chache, na wakazi waliopo hawana babu aliyewahi kuwasimulia jambo kama hilo.

Volkano changa na mitetemo mingi ya siku hizi ziko kwenye ziwa lenyewe na katika Bonde la Suguta. Lodwar iko kama kilomita 60 magharibi ya ziwa, na Kakuma iko kilomita 120 hivi mbele yake kuelekea kaskazini-magharibi. Mkazi wa Kakuma anaweza basi kujituliza kwamba yeye yuko nje ya mambo hayo. Lakini chini ya Lokichar na chini ya uwanda wa Lotikipi yamelala mabonde ya ufa ya kale, yaliyopanuka mamilioni ya miaka kabla shughuli haijahamia mashariki. Mafuta yaliyogunduliwa katika kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012 yamo katika mojawapo ya mabonde hayo. Kabla ya mabonde hayo kulikuwa na ufa mkongwe zaidi, wa Anza, uliokata nchi kutoka upande wa Lamu kuelekea Turkana. Kibuyu kilichowahi kupasuka kikashonwa, kikidondoka tena huachia penye mshono. Mipasuko ya kale ya ardhi ina tabia hiyo: inaweza kukaa kimya muda mrefu, kisha ikateleza kwa kusukumwa na nguvu zinazotoka mbali.

Ushahidi wa jambo hilo upo. Kutch, magharibi mwa India, ni bonde la ufa la kale lililo mbali na mpaka wa mabamba; tarehe 26 Januari 2001 tetemeko la ukubwa wa 7.7 liliua huko watu wapatao 20,000. Bonde la mto Mississippi huko Marekani, katikati kabisa ya bamba, lilitikiswa na matetemeko makubwa ya New Madrid mwaka 1811 na 1812, na chini yake pia kuna ufa wa zamani. Karibu na kwetu zaidi, Mei 1990 tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 7 lilitokea karibu na Juba, na katika siku nne zilizofuata yakaja mengine makubwa. Hilo ni miongoni mwa matetemeko makubwa zaidi ya Afrika katika karne iliyopita, nalo halikutokea kwenye ziwa lolote la Bonde la Ufa ambako mtu angelitarajia. Kutoka lilipotokea hadi Kakuma ni kilomita 340 hivi kwa mstari ulionyooka. Waliokufa walikuwa wapatao 30, katika eneo lenye makazi machache. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilikuwa bado haijakuwepo. Ilifunguliwa mwaka 1992. Tukumbuke pia Subukia: tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Kenya, lilipasua ardhi kwa umbali wa takriban kilomita 38.

Sasa tutazame nyumba. Makazi ya jadi ya Waturkana, ekol ya kivuli cha mchana na akai ya kulala, hujengwa kwa miti iliyopindwa na kuezekwa majani ya mikoma. Ardhi ikitikisika, nyumba hiyo huyumba na kurudi. Hata ikianguka, aliyemo hutoka na michubuko. Uzito wake ni mdogo, na nguvu ya tetemeko juu ya nyumba hufuata uzito: kadiri ukuta na paa vinavyokuwa vizito, ndivyo msukumo wa pembeni unavyokuwa mkubwa. Mahali pa ekol sasa pamechukuliwa na tofali la udongo, bloku la simiti na jiwe. Kakuma na Kalobeyei, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016, zina watu wapatao 300,000, na wengi wanalala ndani ya kuta za matofali ya udongo zilizofunikwa mabati. Lodwar nayo, tangu iwe makao makuu ya kaunti, imepata maghorofa, hoteli, ofisi na nyua za mawe. Mpango unaoitwa Shirika, uliozinduliwa mwaka 2025, unataka kambi ziwe miji ya kudumu ambamo wenyeji na wakimbizi wanaishi pamoja. Hayo ni maendeleo, na hakuna anayeomba watu warudi kwenye majani. Lakini kila nyumba nzito iliyojengwa vibaya ni deni ambalo ardhi inaweza kulidai wakati wowote.

Deni hilo limeshadaiwa kwingine Afrika Mashariki. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Bukoba, mkoani Kagera. Kwa viwango vya dunia hilo ni tetemeko la wastani. Chile au Japani lingeweza kupita bila kifo. Kagera liliua zaidi ya watu 15, likaharibu maelfu ya nyumba za matofali yasiyofungwa vizuri, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikalazimika kufungwa. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, tetemeko la ukubwa huo huo lilitikisa Bukavu na Rusizi. Zaidi ya watu 30 walikufa upande wa Rwanda, baadhi yao kanisani kwa sababu kuta ziliwaangukia wakiwa ibadani. Wapo Kakuma watu waliotoka Kivu wanaolikumbuka tukio hilo, na wengine waliokuwa Goma Mei 2021 nyumba zilipopasuka baada ya Nyiragongo kulipuka. Maarifa hayo yako hapa kambini, mlango wa pili, na hayajaulizwa.

Pingamizi la kwanza ni kwamba hapa tetemeko kama hilo halijatokea. Jibu liko Latur, katikati ya India. Ramani za serikali ziliweka eneo hilo katika daraja la chini kabisa la hatari, na watu wakajenga kuta nene za mawe zilizoungwa kwa udongo, na juu yake mapaa ya mbao yaliyobebeshwa udongo mzito ili kuzuia joto. Alfajiri ya tarehe 30 Septemba 1993 ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 6.2 tu, na karibu watu 10,000 wakafa vitandani mwao. Ukimya wa miaka mingi ulikuwa umewaambia kwamba tetemeko si la kwao. Nasi tuangalie kumbukumbu zetu ni za muda gani: vipimo vya mitetemo nchini vina umri usiozidi karne moja na ushei, na kwa muda mwingi wa kipindi hicho Turkana haikuwa na mashine yoyote ya kuipima. Kati ya mwaka 2019 na 2021 watafiti waliweka vituo vya muda kandokando ya ziwa, na mashine zao zikaendelea kunasa mitetemo midogo ambayo watu hawakuihisi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linastahili kusikilizwa kwa heshima. Turkana ina ukame, njaa, mafuriko na kipindupindu. Mgao wa chakula kambini umepunguzwa mara nyingi. Ni nani mwenye nafasi ya kuwaza tetemeko? Kama kinga ya tetemeko ingehitaji fedha zake peke yake, ningekubali kwamba isubiri. Lakini karibu kila hatua nitakayoitaja hapa inalinda dhidi ya jambo ambalo watu tayari wanaliona kila mwaka. Paa lililofungwa vizuri kwenye ukuta halipeperushwi na upepo mkali unaovuma kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia. Msingi ulioinuliwa kwa mawe na kuta zilizopakwa plasta chini haziyeyuki Tarach ikifurika. Kona zilizofungwa kwa nondo au kwa miti hazipasuki udongo unapovimba na kukauka. Hakuna anayeombwa kununua kitu kipya kwa ajili ya siku isiyojulikana. Anaombwa kununua vizuri kile ambacho angekinunua hata hivyo.

Pingamizi la tatu husema kwamba tetemeko ni kazi ya Mungu, na ujenzi imara ni wa matajiri. La kwanza silibishii. Waumini wa dini zote hufunga milango usiku na kuchanja watoto wao bila kuona kwamba wanashindana na Muumba. Kuhusu la pili, tuhesabu. Katika nyumba ya vyumba viwili, mkanda wa zege unaozunguka kuta zote juu ya madirisha huhitaji nondo kadhaa na mifuko michache ya simiti, nayo ni sehemu ndogo ya gharama ya nyumba nzima. Kuuongeza mkanda huo baada ya paa kuwekwa ni kazi ya kubomoa. Hapo ndipo muda una thamani: hatua inayogharimu kidogo leo, ukuta ukiwa kiunoni, itagharimu mara nyingi zaidi nyumba ikishakaliwa, na wengi hawatawahi kuimudu.

Basi tuingie kwenye ushauri wenyewe, kwa mpangilio anaoufuata mjenzi. Kiwanja kwanza. Lodwar imekaa kati ya vilima vya miamba na kingo za mchanga za mto Turkwel, na hizo ni ardhi mbili zenye tabia tofauti. Mwamba hutikisika kwa muda mfupi. Mchanga laini huongeza mtikisiko. Mchanga uliolegea na wenye maji karibu na uso wa ardhi unaweza hata kupoteza nguvu na kuwa kama uji kwa dakika chache, nyumba ikazama upande mmoja. Ukichimba shimo la msingi ukakuta mchanga mtupu, na visima vya jirani vina maji mita chache chini, jua uko kwenye ardhi ya aina hiyo. Sogea kutoka ukingoni, maana kingo za mito na za laga, yaani mito ya msimu, huteleza kuelekea mtoni. Kama huwezi kusogea, jenga nyumba ndogo, nyepesi, isiyo ya ghorofa, na msingi wake uunganishwe kwa zege lenye nondo mzunguko mzima. Upande wa vilima, usikate mteremko ukaweka chumba cha kulala chini ya mawe makubwa yaliyokaa yakisubiri. Wale walio kandokando ya Turkwel wajue pia njia ya kupanda mahali pa juu, kwa sababu mto huu hupitia bwawa lenye ukuta wa mita 153. Kujua njia hiyo kunafaa kwa mafuriko ya kawaida, tetemeko lije lisije.

Pili ni ukuta wa udongo, kwa kuwa ndio wa wengi Kakuma na Kalobeyei. Pima udongo kabla ya kufyatua. Finyanga vitufe vidogo vya sentimita 2, viache kivulini siku mbili, kisha uvibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Vikivunjika, udongo hauna mfinyanzi wa kutosha. Tafuta mwingine au uchanganye. Vikipasuka vyenyewe wakati wa kukauka, ongeza mchanga na majani makavu. Jenga ukuta usiozidi mara nane ya unene wake kwa kimo: tofali la sentimita 30 linabeba ukuta wa mita 2.4, si zaidi. Kila mita tatu hivi ukuta upate ukuta mwingine wa kuushika, au nguzo ya tofali inayoegemea. Mlango na dirisha viwe vidogo, vikae mbali na kona kwa mita moja au zaidi, na kwa jumla visile zaidi ya theluthi ya ukuta. Juu ya ukuta weka mkanda wa mbao mzunguko mzima, uliofungwa kwenye kona zote, ndipo paa likae juu yake. Mathenge, mti unaolalamikiwa kote Turkana, una mbao ngumu; vipande vifupi vilivyonyooka vinafaa kwa kazi hii vikitolewa maganda na kulindwa dhidi ya mchwa. Na anayeweza kuchagua asidharau nyumba ya fito na udongo: ni nyepesi, fito hushikilia hata udongo ukibanduka, na katika mtetemeko humpa mtu nafasi kuliko tofali la udongo lililopangwa bila kufungwa.

Tatu ni bloku na zege. Adui wake mkubwa Turkana ni jua. Bloku lililofyatuliwa asubuhi na kuachwa kwenye joto la nyuzi 35 na zaidi hukauka kabla simiti haijashika, na hubaki kitu kinachoonekana imara lakini kinachopukutika kwa ukucha. Yafyatulie kivulini, yafunike kwa magunia yenye maji, yamwagilie siku saba angalau. Maji ni ghali, ndiyo. Lakini simiti iliyokosa maji ni fedha zilizotupwa mara mbili. Mchanga wa laga huja na tope: tia kwenye chupa inayoonekana ndani hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache saa chache. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi kama sehemu moja ya kumi, uoshe au utafute mwingine. Maji ya visima vyenye chumvi yasitumike kwenye zege lenye nondo, kwa sababu nondo huoza ndani bila mtu kuona. Na nondo zenyewe, kwenye mkanda ambao mafundi huuita ringi bimu, zisikatwe kwenye kona: zipinde, ziingie upande wa pili na kupishana na wenzake kwa sentimita 50 hadi 60. Mkanda uliokatwa kwenye kona hauna kazi, kwa kuwa tetemeko huanzia hapo hapo kuzifungua kuta. Ghorofa lisijengwe kwa kukisia. Kenya ina mwongozo wa ujenzi dhidi ya matetemeko tangu mwaka 1973, na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968. Mwenye jengo la kupangisha ana wajibu wa kumwuliza mhandisi wake zinasema nini, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ina wajibu wa kwenda kutazama.

Nne ni vitu vilivyo juu ya vichwa. Watu wengi huweka mawe juu ya mabati ili upepo usiyachukue. Jiwe hilo likitikiswa litashuka, na litashuka mlangoni, mahali ambapo mtu anakimbilia. Liondoe, funga kenchi kwenye mkanda wa ukuta kwa waya au utepe wa chuma, na mabati yapigiliwe misumari yenye kofia kwenye kila mti. Pembetatu ya ukuta iliyo chini ya mgongo wa paa ndiyo huanguka mapema kuliko sehemu nyingine. Iache wazi kwa ajili ya hewa, au uizibe kwa mabati au mikeka badala ya matofali. Tangi la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani 10. Lisikae juu ya nguzo nyembamba kando ya dirisha la chumba cha watoto. Ukuta wa ua wa mawe, mrefu na usio na nguzo, umewahi kuua wapita njia katika nchi nyingi. Mita moja na nusu yenye nguzo kila mita tatu inatosha kumzuia mwizi. Ndani ya nyumba na dukani, kabati refu lifungwe ukutani, magunia na makreti mazito yapangwe chini, na kitanda kisogezwe kutoka chini ya rafu.

Aliye katika nyumba ya kupanga, au asiyeweza kujenga upya, bado ana la kufanya. Tazama kuta zako mchana: ufa wa mshazari unaoanza kwenye kona ya dirisha, au kona mbili za ukuta zinazoachana kuanzia juu, ni dalili kwamba chumba hicho kisitumiwe kulala. Joto la Turkana limewazoesha watu kulala nje, na desturi hiyo ni kinga kubwa kuliko inavyodhaniwa. Sharti tu kitanda au mkeka viwe mbali na ukuta, kwa umbali unaozidi kimo cha ukuta wenyewe. Mlango usiwekewe vitu nyuma yake usiku, na tochi ikae mahali mkono unapoijua.

Ardhi ikitikisika, muda wa kuamua ni sekunde, kwa hiyo uamuzi ufanywe leo. Aliye katika jengo la zege au ghorofa asikimbilie ngazi: apige magoti chini ya meza imara, afunike kichwa na shingo, aishike meza hadi kutulia. Wanaojeruhiwa kwenye majengo kama hayo mara nyingi ni wale wanaokimbia chini ya vioo na matofali yanayodondoka. Kwenye nyumba ya matofali ya udongo hesabu hugeuka, kwa sababu ukuta wenyewe ndio hatari: kama mlango uko hatua chache na nje kuna uwazi, toka mara moja ukiwa umefunika kichwa, nenda mbali na kuta. Kama huwezi kufika, jikunyate kando ya kitanda au sanduku imara, mbali na ukuta wa nje. Kusimama kwenye fremu ya mlango si kinga. Likitulia, zima jiko la makaa na ufunge mtungi wa gesi. Moto unaweza kuchukua kilichoachwa na ardhi. Usirudi ndani kuchukua vitu: Juba mwaka 1990 tetemeko la kwanza halikuwa la mwisho, na nyumba iliyopasuka huangushwa na dogo linalofuata. Tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga simu, ili mtandao uwabakie walio chini ya vifusi. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa namba 1199. Na ukisambaziwa habari kwamba tetemeko jingine litakuja saa tisa usiku, jua ni uongo, kwa kuwa hakuna mwanasayansi yeyote duniani awezaye kutaja siku na saa.

Mtu mmoja mmoja atajenga nyumba yake, lakini kuna majengo ambayo hayana mwenye nyumba. Mpangilio wa haki, kwa maoni yangu, ni huu: shule kwanza, kisha hospitali na zahanati, kisha makanisa na misikiti. Madarasa ya Kakuma hujaa watoto kuliko yalivyokusudiwa, wote chini ya paa moja kwa saa zile zile kila siku. Hakuna jengo lingine ambalo kosa dogo la fundi lingegharimu roho nyingi namna hiyo. Serikali ya kaunti na mashirika yanayogharimia ujenzi yaandike masharti matatu kwenye kila mkataba: mkanda kamili, kona zilizofungwa, na paa lililoshikwa. Walimu wawafundishe watoto kujikunyata na kutoka kwa zamu, mara moja kila muhula. Mafundi wapewe mafunzo ya siku chache pamoja, wenyeji na wakimbizi, na waliotoka Bukavu na Goma waalikwe kusimulia kuta zipi zilianguka na zipi zilisimama.

Kwako wewe unayejenga mwaka huu, haya yote yanaweza kubanwa katika maswali matatu ya kumwuliza fundi kabla hujampa malipo ya kwanza: mkanda unazunguka nyumba nzima bila kukatika? Kona zimefungwa kwa nini? Paa limeshikwa na nini? Fundi mzuri atakuonyesha kwa mkono. Asiye na jibu asianze kazi, hata kama bei yake ni nafuu.